Somo Lililo Chini ya Mgrevilea

Katika shule niliyofundisha miaka mingi, wilayani Lushoto, palikuwa na mgrevilea mmoja katikati ya uwanja. Kila asubuhi watoto walifagia chini yake kwa fagio za matawi mpaka ardhi ikawa ngumu na laini kama sakafu. Asubuhi moja mtoto wa darasa la tano aliacha kufagia, akachuchumaa, akapenyeza mkono wake chini ya mzizi mpaka vidole vikatokea upande wa pili. "Mwalimu," akaniita, "huu mti umesimama kwa vidole."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha mmomonyoko wa udongo. Nilikuwa nimechora mlima ubaoni, mishale ya maji ikishuka, na watoto wamenakili vizuri kwenye madaftari. Wote wangejibu swali la mtihani. Lakini hakuna aliyejua, na mimi sikujua, kwamba udongo unaomomonyoka ulikuwa wa kwetu, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Tulitoka na rula. Kutoka shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, hadi ardhini ilikuwa sentimita 9. Mlinzi wa shule ndiye aliyeupanda, akatuambia una miaka 18. Mzizi hunenepa na kujiinua kidogo, kwa hiyo hayo ni makisio tu, lakini tulipokwenda kwenye msingi wa darasa tulikuta kitu kilekile: mstari ambapo lipu ya zamani ilikuwa inagusa ardhi sasa uko juu, na mawe ya msingi yanaonekana. Uwanja ulikuwa mita 40 kwa 25. Watoto wakapiga hesabu wenyewe: mita za mraba 1,000, nusu sentimita kila mwaka, mita za ujazo 5. Hiyo ni karibu sawa na mzigo wa lori la tani saba. Kila mwaka lori zima la udongo lilikuwa linaondoka shuleni, na waliokuwa wanalipakia ni sisi, kwa fagio.

Naandika haya kwa walimu wenzangu, na kwa wazazi walio kwenye kamati za shule, kwa sababu tangu siku ile nilibadili namna ninavyofundisha udongo na misitu. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: chagua mahali pamoja padogo, karibu kabisa na darasa, na mrudi hapohapo mwaka mzima. Safari moja kubwa ya basi kwenda hifadhini ni furaha, lakini mtoto huona kila kitu mara moja na hakuna anachokiona kikibadilika. Udongo na miti ni mambo ya polepole. Mtoto anayeutazama mti uleule kabla ya masika, katikati ya masika na wakati wa kiangazi huanza kuuliza maswali ambayo hayamo kitabuni.

Kabla hujatoka nje, kuna jambo moja la kusafisha ndani. Katika shule zetu nyingi jembe ni fimbo ya pili. Mtoto amechelewa, achimbe kisiki. Amepiga kelele, akalime shamba la shule. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba liwe sehemu ya kujifunza, kazi ya mikono na ya akili zikutane. Lakini kazi ile ile ikitumika kuwa adhabu, mtoto hujifunza kwamba udongo ni mahali pa kupelekwa ukikosea. Huwezi Jumatatu kumwadhibu kwa jembe, halafu Jumatano umwambie ashike jembe hilohilo kwa udadisi. Mimi niliwahi kufanya hivyo, na nikaona nyuso zao walipoambiwa tunakwenda kuchimba: waliangaliana, kila mmoja akijiuliza nani kakosea. Ombeni kikao cha walimu, mkubaliane kwamba shuleni kwenu kuchimba si adhabu tena. Ni uamuzi usio na gharama, na bila huo mengine ninayoshauri yatakuwa na nusu ya nguvu.

Sasa shimo. Kama una nafasi ya somo moja tu la nje kwa muhula, liwe shimo. Chagua pembeni ya uwanja, mahali penye nyasi na pasipo njia ya watu. Chimbeni shimo lenye upana wa nusu mita na kina cha kufika pajani kwa mtoto, na upande mmoja unyooshwe kwa jembe mpaka uwe kama ukuta. Udongo wa juu wekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine, msiuchanganye, maana mtaurudisha kwa utaratibu. Kisha usiseme kitu. Waache waangalie ukuta ule dakika tano.

Watasema wenyewe. Juu ni kweusi kidogo, kuna mizizi mingi kama nywele. Chini yake rangi inabadilika, inakuwa nyekundu, mizizi michache, udongo umeshikana. Mmoja ataona tundu la nyungunyungu limeshuka mpaka chini, na ndani yake udongo mweusi wa juu umeshushwa. Hapo ndipo utoe majina: tabaka la juu lenye mboji, tabaka la chini. Jina likija baada ya jicho, halisahauliki. Ukianza na majina, watatafuta majina yako ukutani badala ya kuona kilichopo.

Kuhusu ule wekundu, lete jembe kuukuu au msumari wenye kutu. Wasugue kutu kwenye karatasi nyeupe, kisha wasugue udongo mwekundu uliolowa pembeni yake. Rangi ni za ukoo mmoja, kwa sababu chuma kilichomo kwenye udongo wetu wa milimani kimekutana na hewa na maji kwa muda mrefu sana, kikafanya kilichofanywa na jembe lile. Halafu siku nyingine wapeleke bondeni, penye udongo wa kijivu unaotuamisha maji, uwaulize kutu imekwenda wapi. Pale maji yamejaza matundu yote na hewa haipiti. Mtoto wa miaka 11 anaweza kufika kwenye jibu hilo kwa kufikiri, ukimpa muda.

Kushika udongo hakuhitaji vifaa kabisa. Watoto wetu wanajua mfinyanzi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa wanafinyanga magari, ng'ombe na vyungu vya mchezo. Waulize: udongo wa kufinyanga mnautoa wapi, na kwa nini hamtumii wa uwanjani? Kisha kila mmoja achukue udongo wa kujaa kiganja, aulowanishe kidogo kidogo na kuuviringisha uwe kama kamba. Wa kichanga utavunjika hata kabla haujawa kamba. Wa tifutifu utakubali kuwa kamba lakini ukiukunja utakatika. Wa mfinyanzi utaukunja uwe pete. Vidole vikishajua hivyo, thibitisheni kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu: theluthi iwe udongo, theluthi nyingine maji, mtikise kwa nguvu, kisha iwekwe dirishani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja. Chembe za kati huchukua saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kuwa bado unaelea kesho yake. Usiyamwage maji yale machafu. Ndiyo rangi ya mito yetu wakati wa masika, na watoto watalitambua hilo kabla yako.

Swali ambalo darasa langu liliniuliza baada ya hesabu ya lori lilikuwa: udongo umekwenda wapi? Nilitaka kujibu, nikajizuia, nikasema twende tukautafute. Tulifuata mfereji kutoka uwanjani, tukavuka shamba la mahindi la jirani kwa ruhusa yake, tukashuka hadi kijito. Kila baada ya hatua hamsini tulisimama, tukachimba kidogo, tukashika, tukaandika. Juu kilimani udongo ni mwekundu, wenye vijiwe, na tabaka jeusi ni jembamba. Katikati ni mzito zaidi. Chini bondeni ni mweusi, na jembe halifiki mwisho wake. Jirani mwenye bustani ya kabichi kule chini alicheka aliposikia hesabu yetu. "Basi nawadai shukrani," alisema, "maana mbolea yenu mimi ndiye ninayeivuna."

Baadaye niliwaambia watoto kwamba matembezi yale yana jina katika sayansi ya dunia nzima, na jina hilo lilizaliwa jirani na kwetu. Mtafiti Geoffrey Milne alifanya kazi Amani, upande wa pili wa milima yetu ya Usambara, katika kituo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 na Waingereza wakakirithi. Akizunguka Afrika Mashariki aliona kwamba kutoka kilele hadi bonde aina za udongo hufuatana kwa mpangilio uleule, kilima baada ya kilima, na mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mpaka leo wanafunzi wa udongo wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani hulisoma neno hilo. Watoto wangu walikuwa wamelitembea kwa miguu. Tena wanaweza kusoma katika vitabu vya udongo maneno mawili ya Kiswahili, fanya juu, yaani kuchimba mfereji kwa kukata mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, mpaka kwa miaka kadhaa shamba lijitengeneze kuwa ngazi. Maneno hayo yalitoka kwa wakulima wa Kenya, Machakos, na wataalamu wa nchi nyingine wameyachukua bila kuyatafsiri. Mwambie mtoto hayo. Anahitaji kujua kwamba elimu hii haikuja yote kwa meli.

Kama hufundishi milimani, mahali pako pana mnyororo wake. Mwalimu wa Kondoa ana makorongo ambayo yalisababisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mifugo kuondolewa Kondoa mwaka 1979. Wazee walioyaona hayo bado wapo, nao ni maktaba. Mwalimu wa Mbinga ana ngoro za Wamatengo, mashimo yanayochimbwa kwa mistari kwenye miteremko mikali, na mtoto wake huenda nyumbani kwao wanalima hivyo bila kujua kwamba ni sayansi. Mwalimu wa Rufiji au Kilwa ana mikoko na tope linalonuka kwa kukosa hewa. Usimfundishe mtoto wa pwani kwa mfano wa Usambara.

Msituni kuna adabu yake. Kwanza ruhusa, na mapema. Kama ni hifadhi ya serikali, nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kama ni msitu wa kijiji, mwone mwenyekiti na kamati ya mazingira. Sheria ya Misitu ya 2002 iliwapa vijiji nafasi ya kuwa na misitu yao, kwa hiyo usiingie kama vile hauna mwenyewe. Kama ni msitu wa mizimu, mwendee mzee anayeutunza, ukae, uamkie, ueleze nia. Akikataa, mkubalie. Akikubali, mwombe aje mwenyewe.

Na huyo mzee ndiye mwalimu wa siku hiyo. Nilimwalika babu mmoja aliyewahi kupasua mbao ujanani. Watoto walimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye mti mkubwa, akakwangua gome kwa ukucha, akawapa wanuse. "Huu ni mkulo," akasema. Harufu ya kafuri iliwafanya wote wanyamaze. Akawaonyesha mshai kwa jinsi matawi yake yanavyotandaa kama mkeka, na msambu, ambao mbegu zake huwa na mafuta. Kila mti aliutaja kwa Kishambaa kwanza. Mimi kitabuni nilikuwa na majina ya Kilatini ya mitatu tu. Andikeni majina ya lugha ya mahali penu kwenye daftari la darasa, yale ya Kiswahili pembeni, na ya Kilatini kama yapo. Jina la mti likipotea kijijini, mti unabaki "mti tu", na mti tu hukatwa bila mtu kusita.

Kazi ya mikono ndani ya msitu iwe ndogo na ya kina. Chukueni vijiti vinne vya nusu mita, mfanye fremu ya mraba, muiweke chini. Kila kundi lifunue majani tabaka kwa tabaka: juu majani mazima, chini yake yaliyotoboka, chini zaidi vipande visivyotambulika, kisha kitu cheusi chenye harufu ya mvua ambacho si jani tena na bado si udongo kamili. Wahesabu viumbe bila kuua: jongoo, mchwa, nyungunyungu, buibui. Kisha fremu hiyohiyo iwekwe kwenye shamba la mahindi, na mwisho kwenye uwanja uliofagiliwa. Uwanjani kwetu kundi moja lilihesabu sisimizi watatu, likaandika 3, kisha mtoto mmoja akaongeza pembeni kwa kalamu nyekundu: "wanapita tu."

Kwa wenye muda wa muhula mzima, zikeni kipande cha kitambaa cha pamba halisi katika kila moja ya sehemu hizo tatu, kwa kina cha kiganja, mkiweka alama ya kijiti. Baada ya miezi miwili fukueni. Mara nyingi kitambaa cha msituni huwa kimeliwa zaidi, na watoto wataelewa kwamba udongo una tumbo. Zikeni pia kipande cha mfuko wa plastiki. Huo mtaukuta kama mlivyouacha.

Kupima miti ni mahali pazuri pa kuifanya hisabati ilete maana. Mzingo wa mti hupimwa kwa kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kama wafanyavyo maafisa misitu. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Urefu pimeni kwa kivuli: mtoto mwenye kimo cha sentimita 140 ana kivuli cha sentimita 70, na mti ule una kivuli cha mita 9, basi mti una mita 18. Mtoto wangu mmoja aliyekuwa anachukia uwiano aliuelewa hapo, jua likiwa mgongoni kwake.

Siku ya kupanda miti inahitaji uaminifu. Wengi wetu tunaijua: mgeni rasmi, picha, miche mia mbili ndani ya saa moja, na ifikapo kiangazi hakuna mche unaokumbukwa. Pandeni michache. Mche mmoja kwa watoto wanne wenye zamu ya kumwagilia ni bora kuliko mia isiyo na wenyewe. Shimo lichimbwe mapema, udongo wa juu urudi kwanza kwenye mizizi, na kiriba kiondolewe. Nimefukua miche iliyokufa nikakuta plastiki bado imekumbatia mizizi. Pandeni mvua ikishashika, siyo mvua ya kwanza inayodanganya. Mkaratusi hukua haraka na una kazi yake, lakini usipelekwe kwenye chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wapeleke watoto kwenye kijito chenu wazipime mita hizo kwa hatua, waandike kilichomo ndani yake.

Najua una watoto themanini darasani. Usitoke nao wote wakafanye kitu kimoja. Nusu wabaki na kazi ya daftari chini ya mti, mwalimu mwenzako akiwatazama, nusu wawe na makundi ya watano, kila kundi na fremu yake na mwandishi wake. Wavae viatu vya kufunika miguu wanaoweza, na wasio navyo wasiingie kwenye vichaka. Waonyeshe upupu kabla ya yote: maganda yenye vinyweleo vya kahawia yanayovutia kushikwa. Niliwahi kusahau, na watoto sita wakaumia siku nzima. Tangu hapo ninabeba maji na sabuni. Angalia siafu kabla ya kuketi. Mwenye pumu au mzio wa nyuki, mjue kwa jina kabla ya kuondoka.

Wazazi wengine watauliza kama hamchelewi mtihani. Waalike wasimame kando ya shimo, mtoto wao awaeleze tabaka moja moja. Mimi sikuwahi kuhitaji hoja nyingine.

Kuhusu fagio, hatukuacha kufagia kabisa. Nyoka wapo, na mama zetu wana sababu ya kutaka uwanja ulio wazi. Tulikubaliana kufagia njia na mbele ya madarasa tu. Kuzunguka mgrevilea tulipanga mawe kufuata mteremko, tukapanda nyasi, tukayaacha majani yake yaanguke yalale. Kisha tukafanya kipimo ambacho nakuomba ukifanye kabla mvua hazijaanza. Chukua msumari wa inchi sita na kizibo cha soda kilichotobolewa katikati. Pigilia msumari ardhini kupitia kizibo mpaka kizibo kilale juu ya udongo na kichwa cha msumari kibaki juu kwa sentimita 5. Fanya hivyo sehemu kumi, mahali ambako watoto hawakimbii, na uzungushie kila mmoja vijiti. Udongo ukiondoka, kizibo kitashuka na msumari utarefuka. Udongo ukija, kizibo kitafunikwa. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi watoto wawili hupima na kuandika kwenye daftari.

Daftari lile sasa lipo darasa la tano la mwaka mwingine, na jalada lake limebadilishwa mara mbili. Msumari namba 4, ulio ndani ya mawe ya mgrevilea, una maandishi ya mtoto ambaye sikumfundisha mimi: "Kizibo hakionekani. Tumechimba kwa kidole. Kipo chini, sentimita 1."